Mkono Ndani ya Kikapu Kitupu

Wasafiri wa heshima huanza kwa kueleza njia: walipanda nini, walitapikia wapi, na punda gani alifia mlimani. Msichana aitwaye Sikudhani Pazi hakuwa msafiri wa heshima. Alikuwa na miaka kumi na saba, na alikuwa amesimamishwa shule wiki mbili kwa kosa la kubandika kwenye ubao wa matangazo, kwa mwandiko wa mwalimu wa zamu, kwamba Jumatano kutakuwa na pilau. Wasichana mia sita walipanga foleni na sahani zao, na mpishi mkuu akatokea dirishani. Kwa hiyo msomaji asimtafute punda. Sikudhani alifika Tarabani, na hayo yatosha.

Tarabani ni nchi yenye milima, mito na watu wenye macho mawili mawili, ila macho hayo hawayaamini. Husema jicho ni shahidi mwenye njaa, huona linachotaka kula. Ndiyo maana kitu hakihesabiwi kuwa kipo mpaka picha yake itundikwe katika Nyumba ya Picha, jengo kubwa kuliko yote mjini. Mtu akikanyagwa na ng'ombe, swali la kwanza hospitalini ni kama ng'ombe huyo yuko ukutani. Akiwa hayuko, majeruhi hushauriwa aende nyumbani akatembee vizuri.

Kila mwaka kila wilaya hutuma picha yake, na haitumwi nzima. Mafundi wa huko huichambua ikawa shanga, ushanga mmoja kwa kila nukta ya rangi, kisha huzitunga katika uzi, safu ya juu kwanza mpaka ya chini kabisa, na uzi ukajazwa katika vikapu. Kila kikapu huchukua shanga elfu nne na tisini na sita. Sikudhani aliuliza kwa nini isiwe elfu nne kamili. Alijibiwa kwa upole kwamba hapo kisingekuwa kikapu.

Ndani ya Nyumba huketi Msomaji mbele ya kikapu kikubwa kisichobadilishwa. Wachukuzi humimina humo vikapu vyao, kimoja baada ya kingine. Msomaji huingiza mkono wa kulia, huvuta shanga mojamoja, na hutaja rangi kwa sauti. Wafumaji, wamesimama kwenye fremu ya mbao, hufuma kila rangi inayotajwa. Msomaji haruhusiwi kuijua nchi anayoisoma, upendo usije ukaingia vidoleni, na kwa sababu hiyo kazi hupewa wageni.

Sikudhani aliajiriwa siku ya pili. Aliyemwajiri ni Bwana Maftaha, Mkuu wa Nyumba, mtu mwembamba aliyevaa koti la sufu katikati ya joto na kutamka kila neno kana kwamba limekwisha pigwa muhuri.

"Unaijua nchi yetu?" aliuliza.

"Sijui hata choo kiko wapi."

"Una sifa zote," alisema Bwana Maftaha, na akamwandika.

Sheria za kusoma alifundishwa asubuhi moja, na alizipokea kwa uso mkavu kama anaotumia kupokea kanuni za bweni. Shanga nane za kwanza huitwa Salamu, na ni zilezile kwa kila picha. Salamu ikiwa sahihi, kilichomo kikapuni ni picha, hata kiwe nini. Ikikosewa hata ushanga mmoja, si picha, hata uwe umechora nchi nzima na watu wake wakicheka. Mwaka juzi mtu mmoja wa mzaha, ambaye Sikudhani alitamani sana kuonana naye, alitunga Salamu safi na nyuma yake akajaza debe la maharage. Yakasomwa. "Kahawia, kahawia, kahawia yenye doa." Picha ikatundikwa, na kwa kuwa sasa wilaya hiyo ilikuwapo, ikapewa mkuu wa wilaya. Yuko ofisini mpaka leo, na ripoti zake husifiwa kwa ufupi wake.

Baada ya Salamu hufuata Tamko, ushanga mkubwa wa pembe uliochongwa idadi ya safu. Maseremala huunda fremu kwa Tamko hilo kabla hata rangi ya kwanza haijaonekana, maana kungoja uthibitisho ni kumtilia shaka mkubwa. Mkuu wa Kiwambo, mahali penye mawe na mbuzi kumi na mmoja, alitamka safu milioni tisa. Maseremala wako mwaka wa nne. Fremu imepita sokoni na kwenye shule mbili, na siku Sikudhani alipofika walikuwa wakibomoa hospitali kwa adabu zote. Wagonjwa walipewa misumari washike.

Hakuna kurudi nyuma. Ushanga uliopita vidoleni umepita. Msomaji akisema bluu penye kijani, mto hupanda mlima, na wananchi wa huko hutakiwa kuteka maji kileleni. Na mkono ukishaingia kikapuni hautoki wala hautolewi na mtu yeyote mpaka picha iishe, kwani zamani msomaji mmoja alitoa mkono ili apenge kamasi, akapotea mahali pake, akasoma safu moja mara mbili, na wilaya ikapata makao makuu mawili ambayo yanapigana hadi leo.

Mbali na majina ya rangi, Msomaji ana maneno mawili tu. Akitaka shanga zaidi husema "Mimina," na hapo mchukuzi yeyote aliye mlangoni lazima amimine. Picha ikiisha husema "Mwisho."

Na kikapu kikikauka kabla picha haijaisha? Hilo nalo lilikuwa limefikiriwa. Hupinduliwa kopo la mchanga. Mchanga ukidondoka wote na hakuna kikapu kingine, Msomaji husema Mwisho vilevile, kengele hupigwa, na wafumaji huzijaza safu zilizobaki kwa uzi wa kijivu. Kwa utaratibu huo, Bwana Maftaha alieleza, kwa miaka arobaini Nyumba haijapata kutundika picha pungufu.

Sikudhani alikuwa msomaji mzuri. Katika siku tatu alisoma wilaya nne, na zote nne zilimkaukia njiani. Alisema Mwisho mara nne. Lilikuwa neno tamu: ukilisema, kengele inalia na watu wanakwenda kula.

Alipewa chumba kwa Bi Somoe, mjane wa makamo aliyekuwa mfumaji mkuu wa fremu ileile. Jioni ya siku ya tatu ya kazi alimkuta uani anachambua kunde.

"Shikamoo, Bi Somoe. Leo tumemaliza wilaya mbili."

"Marahaba. Mmezimaliza kweli."

Sikudhani alikaa juu ya kinu kilicholala. "Kuna kitu nataka kuuliza. Kile kijivu ni rangi ya nini? Maana nusu ya ukuta ni kijivu. Kuna ukungu sana nchini?"

Bi Somoe hakumtazama. Aliinamia sufuria iliyokuwa motoni, akaiambia, "Mfumaji hasemi na msomaji habari za kazi. Kwa hiyo nasema na wewe, sufuria, na mwenye masikio hafukuzwi. Kijivu ni hapana mtu. Anayekaa penye kijivu haolewi, hauguzwi, hauziwi chumvi. Akifa hazikwi, maana hakuwapo."

"Lakini si wapo?"

"Sufuria yangu," alisema Bi Somoe, "wapo na watoto wao. Ila msichana wa watu ameshasema Mwisho."

Kunde zilitiwa sufuriani zikachemka. Sikudhani alizichochea bila kuombwa. Mzaha una sheria moja, nayo aliiheshimu kuliko zote za bweni: unayemchezea lazima awe na nafasi ya kukulipizia. Mpishi mkuu alilipiza, alimwekea pilipili wiki nzima. Watu wa wilaya nne hawakuwa hata na pa kusimama ili wamtukane.

"Na kesho, sufuria," alimalizia Bi Somoe akipakua, "ni zamu ya Bonde la Mirumba. Huko ndiko nilikozaliwa."

Bonde la Mirumba lilitamka safu mia tatu. Lilianza vizuri. Kikapu cha kwanza kilikuwa cha mbingu na kilele, cha pili cha msitu, cha tatu na cha nne cha mashamba ya juu. Sikudhani aliyataja majani ushanga kwa ushanga, polepole, kama anayetembea na maji kichwani. Kando yake alisimama mtu aliyevaa shati jeupe, na mkononi ana ufunguo wa chuma wenye urefu wa mwiko wa ugali. Huyo alikuwa Bwana Likunja, Afisa Maji.

Katika safu ya mia moja themanini na nane vidole vilikwangua ukili wa kikapu.

"Mimina," alisema Sikudhani.

Mlangoni hapakuwa na mchukuzi. Kopo la mchanga likapinduliwa. Watu wote wakautazama mchanga isipokuwa Bi Somoe, aliyekuwa amesimama mbele ya fremu na uzi mwekundu mkononi. Alikuwa amegeuza mgongo, kama sheria inavyotaka. Akazungumza na uzi.

"Dada yangu anakaa safu ya mia mbili na kumi," alisema.

Mchanga ukaisha. Bwana Maftaha alikohoa kidogo, kwa mdundo wa mtu ambaye chakula chake kinapoa. "Msomaji."

"Bado," alisema Sikudhani.

Mpiga kengele alijisahau akakuna kichwa kwa kamba.

"Neno hilo halipo," alisema Bwana Maftaha.

"Nimelisema sasa hivi, mzee wangu."

"Kikapu kina kitu?"

"Hakina."

"Kikapu kimekwisha, basi picha imekwisha."

"Kikapu kimekwisha," alisema Sikudhani. "Picha sijui. Imebaki safu mia moja na kumi na mbili, wenyewe wametamka. Mimi nimeona kikapu tu."

"Binti, hakuna anayekuuliza unajua nini. Unaulizwa useme."

"Ndiyo, mzee. Na mimi nasema bado."

Kumtoa mkono kwa nguvu hakukuwezekana, sheria ilikuwa wazi. Kumfukuza kazi kuliwezekana, lakini angeondoka na mkono, na mkono ulikuwa na kazi. Waliitwa wazee watatu wa sheria, wakaja na vitabu na vigoda. Wa kwanza alisema msomaji asiyesema Mwisho baada ya mchanga ni kama amelisema. Wa pili akauliza kama mtu asiyepiga chafya baada ya ugoro ni kama amepiga. Wa tatu alitaka kwanza iamuliwe kama kikapu kitupu ni kikapu, akanukuu kesi, na wakaendelea hapo mpaka adhuhuri. Alipohitaji kwenda msalani Sikudhani alinyanyua kikapu kizima kwa mkono wa kushoto akaenda nacho, na mzee wa pili akamfuata kwa hatua kumi na kitabu chake, ameyafumba macho lakini masikio yako kazini.

Alinyimwa chakula. Aliyekula maharage ya shule miaka minne, yenye wakazi ndani yake, hatishwi na mlo mmoja. Walimletea badala yake kuku wa kukaanga wakamweka mahali ambapo mkono wa kushoto haufiki. Hapo alimeza mate, hilo halifichiki, lakini mkono wa kulia ulibaki kikapuni.

Bwana Likunja alikuwa hajaondoka. Alisogea karibu, akaushusha ufunguo chini kwa uangalifu.

"Binti, mimi sina ubaya na mtu. Bwawa jipya limejaa, na amri niliyonayo ni moja: maji yaende penye kijivu. Ukisema Mwisho, chini ya Mirumba patakuwa kijivu, nami nitafungua."

"Ukifika ukakuta watu?"

"Siwezi kuwakuta. Patakuwa kijivu."

"Umewahi kwenda kupaona?"

"Afisa haendi," alisema Bwana Likunja. "Afisa hufungua." Kisha, baada ya kufikiri: "Huko chini wanafuga kuku?"

"Sijui. Ndiyo maana nangoja."

Bwana Likunja aliutazama ufunguo kana kwamba ndiyo kwanza ameona una meno.

Mchana uliposogea, Sikudhani aliuliza swali ambalo lilionekana kwake la kawaida kabisa, la mtu yeyote aliyewahi kungoja lori la kuni jikoni shuleni.

"Nani amekwenda kuangalia kikapu kimekwama wapi?"

Wazee wa sheria walitazamana. Ilibainika, taratibu na kwa aibu kidogo, kwamba katika miaka arobaini ya kupindua mchanga hakuna mtu aliyewahi kutoka nje kuangalia. Vikapu hutoka mlangoni. Nyuma ya mlango ni kazi ya idara nyingine, na idara hiyo ilikuwa haijaundwa.

"Haiwezekani kwenda," alisema Bwana Maftaha. "Njia ya Mirumba haipo. Tangu mwaka jana ni kijivu."

"Kwa nini ikawa kijivu?"

"Kikapu chake kilichelewa."

"Na kikapu cha leo kimechelewa kwa nini?"

Bwana Maftaha alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza neno lilitoka bila muhuri. "Kwa sababu... njia haipo."

Mtu mmoja nyuma ya fremu alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Bi Somoe akageuka. Wafumaji hawageuki, hivyo mpiga kengele alifumba macho ili asije kuwa shahidi. Bi Somoe alichomeka uzi mwekundu kwenye fremu kuweka alama ya mahali alipofikia, akajifunga kanga kiunoni, akafuata mlango.

"Somoe," alisema Bwana Maftaha. "Unakwenda wapi? Huko hakuna njia."

"Basi sitapotea," alisema Bi Somoe.

Mlangoni alisimama, akamwambia Sikudhani, na sasa alimwambia yeye mwenyewe, si chombo cha jikoni. "Mwanangu, ni mwendo wa nusu siku kwenda. Utaweza?"

"Nilipiga magoti paredi kutwa nzima kwa ajili ya pilau ambalo hata sikulila," alisema Sikudhani. "Nenda, mama."

Jua lilizama likachomoza. Mkono ulikufa ganzi, ukafufuka, ukafa tena. Bwana Maftaha alikuja mara tatu: mara ya kwanza na vitisho, mara ya pili na cheo cha Naibu Mkuu wa Nyumba. Mara ya tatu alikuja na ombi. Alikaa chini, kitu ambacho koti lake halikukizoea.

"Unajua ukisema bado, maana yake ni nini?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Maana yake ni kwamba tungeweza kulisema siku zote. Mimi nilikuwa msomaji kabla ya kuwa Mkuu. Nimesema Mwisho mara mia tatu na kumi na tisa, binti. Kama lingekuwapo neno jingine, mimi ni nani?"

Sikudhani alimtazama. Alikuwa na jibu la kuchekesha tayari, na akaliacha lipite. "Mimi nimelisema mara nne, mzee wangu," alisema. "Silali vizuri. Wewe unalala?"

Mzee aliinuka, akapangusa koti, akaenda kusimama dirishani pasipo na kitu cha kutazama.

Adhuhuri ya pili kulisikika miguu mingi. Bi Somoe aliingia amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, na nyuma yake wakaingia wachukuzi kumi na watatu, kila mmoja na kikapu kichwani.

"Walikuwa wamekwama kizuizini," alisema, kwa Nyumba nzima. "Kuna mgambo amewekwa pale kwenye njia panda, kazi yake kuwaambia watu hakuna njia."

Mchukuzi wa mbele, kijana mpana wa mabega, alitua kikapu cha Mirumba, cha kwanza kati ya vitatu. "Nimekaa siku tisa," alisema. "Wenzetu wanne walipita mgambo amelala; mimi ananiambia njia haipo. Namwambia nimesimama juu yake. Ananiambia shuka. Huyu mama alipokuja aliulizwa anapita wapi, akasema hapiti popote, akapita. Tukamfuata."

Wazee wa sheria walifunua vitabu kwa kasi. Lakini hapakuwa na la kufunua. Mwisho haukuwa umesemwa, Msomaji alikuwa mahali pake, mkono kikapuni.

"Mimina," alisema Sikudhani, na sauti yake ilikuwa imekauka kama mchanga wa lile kopo.

Shanga zilishuka juu ya mkono wake kama mvua ya mawe madogo, na ulimuuma sana, na hakujali. Bi Somoe alishika uzi wake mwekundu palepale alipouacha. Safu ya mia moja themanini na tisa. Mia mbili. Mashamba yalishuka, yakawa migomba, migomba ikawa ua. Safu ya mia mbili na kumi ilikuwa na kahawia ya udongo, kisha manjano mengi, mengi kuliko ilivyotazamiwa. Bi Somoe alifuma bila kusimama. Safu mbili mbele ndipo alipoiambia fremu, polepole, "Kumbe ameezeka upya."

Bwana Likunja alikuwa amekaribia mpaka pua yake inagusa nyuzi. "Wanafuga kuku," alisema. Katika safu ya mia mbili arobaini kulikuwa na nukta nyeupe saba, na hakuna aliyeweza kumwambia si kuku. Aliuingiza ule ufunguo ndani ya shati, kichwa chini, ukaivuta kola upande mmoja. "Hapa siwezi kufungua. Nitaandika kwamba nimeona."

"Afisa haoni," alinong'ona mzee wa kwanza.

"Nitaandika vibaya, basi."

Ushanga wa mwisho wa safu ya mia tatu ulikuwa bluu, maji ya kijito cha chini. Sikudhani aliutaja. Hapakubaki kitu kikapuni. Bonde la Mirumba lilikuwa ukutani lote, bila uzi mmoja wa kijivu, na wafumaji, ambao hawajawahi kuona picha nzima, walirudi nyuma hatua mbili wakaitazama kama watu wanaoitazama nyumba yao kutoka mlima wa pili.

"Vema," alisema Bwana Maftaha. Sauti yake ilikuwa na ahueni ya kweli. "Umeshinda, binti, na Nyumba haikupoteza. Sasa ni kweli kabisa. Sema."

Sikudhani alifungua mdomo. Kisha akawaona wale wachukuzi kumi waliosalia. Walikuwa bado wamesimama mlangoni, vikapu vichwani, kwa sababu hakuna aliyewaambia watue.

"Vile ni vya nani?"

"Vya wilaya zilizokwisha fungwa. Mwisho wake ulisemwa mwezi huu na mwezi uliopita. Havina Salamu, ni vipande tu vya mkiani, havisomeki kama picha. Kuna ghala lake."

"Ghala kubwa?"

"Kubwa sana," alisema Bwana Maftaha.

Mkono wa Sikudhani ulikuwa umevimba, na ukili ulikuwa umeuchora mistari. Aliufikiria ukitoka, ukinyooka, ukishika paja la kuku. Akamtazama mchukuzi wa kwanza kati ya wale kumi, mzee mwenye pumu aliyekuwa akihema chini ya mzigo wake.

"Mimina," alimwambia.

"Msimimine," alisema Bwana Maftaha. "Hicho si kikapu cha Mirumba."

"Sijui ni cha wapi, mzee wangu. Msomaji haruhusiwi kujua." Alisema hivyo kwa uso mkavu, ule wa kanuni za bweni. "Mimi Mwisho sijasema. Picha haijaisha. Nimeomba kumiminiwa, na mchukuzi yuko mlangoni."

Mzee wa kwanza na wa tatu walifunua vitabu tena. Kisha mzee wa pili, aliyemfuata msalani, alifunga kitabu chake na kukikalia.

Mzee mwenye pumu alimtazama Mkuu wa Nyumba, akamtazama msichana, akaona kwamba kikapu ni kizito na siku ni ndefu. Akamimina.

"Kijani," alisoma Sikudhani. "Kijani. Kijani. Kahawia. Nyeupe."

Fremu ilikuwa imejaa mpaka chini, hapakuwa na nafasi ya safu hata moja. Bi Somoe aliikagua mara moja. Alichukua nyundo ya maseremala, akapiga magoti, na akaanza kuung'oa ubao wa chini, msumari baada ya msumari, huku mkono wake mwingine ukipokea uzi wa kijani kutoka kwa mwenzake.